Namna ya Kuzungumza na Mke Wangu

Makunduchi, 11 Februari 1953

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanamkasi,

Shikamoo. Sisi huku sote wazima, twakuombea na nyinyi uzima. Baba kifua kimempoa tangu anywe ile dawa uliyomletea siku za harusi yangu. Mbuzi wa jirani yetu Bi Biasha kazaa pacha, mmoja kafa. Tanuri la chokaa tumelitia moto juzi na mawe ya mara hii ni mazuri. Msikitini sasa naadhini mimi peke yangu, na watu wanasema sauti inafika mpaka kijiji cha Mtende upepo ukiwa mwema.

Mke wangu Wanu hajambo. Nadhani hajambo.

Shangazi, nna suala. Wewe ni kungwi, wari wa mjini na wa shamba wamepita mikononi mwako, ukawafunda mpaka wakajua kukaa na waume zao. Mimi nataka kujua, wanaume hufundwa na nani? Mtu ambaye katika umri wake hajapata kuzungumza na mwanamke ila wewe na Bi Biasha, anaanzaje? Neno la kwanza ni lipi? Na akishalisema la kwanza, la pili analipata wapi?

Usimwambie Baba. Usimpe mumeo, Bwana Msabah, aisome. Na jibu ulifunge vizuri, kwani dereva wa gari la Makunduchi ana macho.

Mwanao,
Mjaka


Malindi, 19 Februari 1953

Mjaka mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kaka yangu kapoa kifua. Mwambie asiende tanurini, ule moshi si wa mzee. Sisi hatujambo. Bwana Msabah kazi za bandarini zimemzidi, anarudi kachoka hata chai haimalizi, na mwezi ujao wanampeleka Pemba kwenye karafuu. Mimi nna mwari wa kumfunda Mkokotoni. Watu wake wamenijia mpaka mlangoni, hawamtaki kungwi mwengine.

Sasa nakuuliza wewe. Barua yako nimeisoma nimekaa, nikaisoma nimesimama, nikalizima na jiko nipate kuisoma vizuri. Harusi yenu nimeicheza mimi, visigino vinaniuma mpaka leo, na wewe ndio kwanza unauliza neno la kwanza ni lipi? Hujasema naye? Lahaula! Mimi niliyekulea tangu mama yako alipofariki, mimi nifundaye watoto wa watu, nyumbani kwangu nimeacha bubu! Unaadhini Mtende wanaamka, na mtu aliyelala umbali wa mkono humwambii kitu?

Haya, nshapiga kelele, sasa nisikilize. Usimwambie unampenda. Neno hilo ni halua, na mtu hapewi halua kabla ya chakula. Kwanza mtazame. Nakujua wewe, unatazama mkeka. Mkeka hukuuoa. Kisha muulize kitu kidogo usichokijua, ambacho yeye anakijua. Usimuulize hujambo, hilo si suala, hiyo ni kupiga hodi tu. Yeye mtu wa Jambiani, muulize pweza wanampata vipi. Akijibu, nyamaza umsikilize mpaka mwisho, halafu uliza tena kutoka kwenye hilohilo alilolisema. Neno la pili unanambia utalipata wapi? Kinywani mwake.

Na mimi kungwi wako unijibu. Usiku wa harusi kulitokea nini? Mtu haogopi bure.

Shangazi yako,
Mwanamkasi


Makunduchi, 8 Machi 1953

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba anakusalimu, tanurini kakataa kuacha kwenda. Chokaa imeiva, tumeuza mapakacha mengi kwa mtu anayejenga Kibuteni.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilimtazama. Chini ya jicho la kushoto ana alama nyeusi ndogo, kama punje ya ufuta, sikuwa naijua. Nikamuuliza pweza wanampata vipi. Lakini Shangazi, sauti ilitoka ile ya mnarani. Akaangusha upawa. Akasema, "Kwa kijiti cha mchokoo." Nikanyamaza nimsikilize mpaka mwisho kama ulivyosema. Kumbe mwisho ulikuwa ndio huohuo. Tukakaa. Nikatafuta la pili kinywani mwake na kinywa alishakifunga. Nikala mchuzi wangu wa papa, kila siku ananipikia papa, nikaenda zangu msikitini kabla ya wakati.

Yeye si mkorofi. Anafua, anapika, ananifunulia kawa, anakaa upande wa pili wa pazia. Namsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema, na mimi navuta vilevile, kisha sote tunazitoa hivihivi.

Lile suala lako la usiku wa harusi nakuomba uniachie.

Nijibu upesi. Bi Biasha kaanza kuniuliza kwa nini nyumba yangu haina sauti.

Mjaka


Ng'ambo, 12 Aprili 1953

Mjaka,

Marahaba. Barua yako ya mwezi uliopita na ile fupi ya juzi zimenifika pamoja. Nilikuwa Mkokotoni, kisha sikupata nafasi. Usiniandikie tena Malindi. Nipo Ng'ambo kwa Bi Mwatum mshona kofia, mpe dereva barua aiache hapo. Nna kazi huku. Bwana Msabah hajambo.

Mpe mkeo kitu kwa mkono wako. Kanga, doti moja inatosha. Usimtume Bi Biasha wala mtu yeyote, chukua mwenyewe, mpe mwenyewe, na umwambie kwa nini unampa. Sema kwa kinywa chako. Mwanamume akinyamaza ndani ya nyumba, mkewe hukaa akayatunga mwenyewe yale asiyoambiwa, na atakayoyatunga hayatakuwa mema. Na pengine yakawa ndiyo kweli.

Wino unanikatikia.

Mwanamkasi


Makunduchi, 27 Aprili 1953

Shangazi,

Shikamoo. Wanu kaondoka.

Nilikwenda dukani kwa Kurban. Kurban hayupo, kakaa mkewe, Bi Nurjehan, na wanawake wengine wanapimiwa sukari, wote wakageuka kunitazama. Haya zikanijaa. Nikaonesha kidole kanga ya juu kabisa, nyekundu, nikalipa nikatoka mbio, hata chenji nikaiacha.

Nikampa Wanu kwa mkono wangu. Nikataka kumwambia kwa nini, kama ulivyosema. Nilitaka kusema, "Nimeona ujue kuwa nakufikiria." Nikasema, "Nimeona ujue." Zilizobaki hazikutoka.

Akaikunjua. Akaisoma. Mimi nilikuwa sijaisoma, Shangazi, nakuapia, mimi ninayejua kusoma. Imeandikwa ULIDHANI UKO PEKE YAKO.

Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaniwekea mapajani. Asubuhi nimerudi kutoka tanurini, chumba kimefagiwa na sanduku lake halipo. Bi Biasha kanisimamia mlangoni mikono kiunoni: "Ndio nini kumtangazia mtoto wa watu ukewenza kwa kanga? Huyo mwanamke wako wa pili umemficha wapi?"

Mimi! Mwanamke wa pili! Huyu mmoja nimeshindwa.

Nifanye nini?

Mjaka


Ng'ambo, 3 Mei 1953

Mjaka,

Sikuitikii salamu mpaka nimalize.

Mtu huanza kuisoma kanga ndipo aitazame rangi! Kanga ina ulimi, na wewe usiye na ulimi umekwenda kuazima huo! Bi Mwatum nimemsomea barua yako, sindano imemchoma kidole. Unajua neno lile linavyomwingia mwanamke? Unajua kukaa ndani ya nyumba unayoifagia, ukaambiwa kwa kitambaa, au kwa mlango kufunguliwa, kwamba hukuwa peke yako? Hujui. Mwanamume hawezi kujua. Huwa hapati hata joto wala baridi, anasimama tu, mikono inamning'inia.

Haya. Marahaba.

Nenda Jambiani. Usimpeleke baba yako akusemee, usitafute mshenga. Wazee wawili wakikaa kuzungumza ndoa yako, wataizungumza mpaka iwe talaka, kwani hawana wanachokijua. Nenda mwenyewe kwa mkweo, Mzee Usi, na umseme mtu mmoja tu vibaya, nafsi yako. Usijitetee. Mwambie mkeo lile unaloliona haya kuliko yote. Mimi umenificha, sawa. Yeye mwambie.

Na usikawie. Ukikaa kimya miezi miwili, kimya hicho kitakuwa jibu.

Mwanamkasi


Makunduchi, 24 Juni 1953

Shangazi yangu,

Shikamoo, na kwa sikukuu iliyopita nakutakia kila la kheri. Baba kafunga Ramadhani yote, namshukuru Mungu. Nimekawia. Ulinambia nisikawie, nikakawia. Kila nikifunga safari nakumbuka miguu inaniuma, au tanuri halina wa kuliangalia. Mwezi wa kufunga ukanipa kisingizio cha mwisho. Siku ya pili ya sikukuu nikaona sina kingine cha kuvaa ila uongo, nikavaa kanzu nikaenda.

Mzee Usi nilimkuta barazani na ndugu zake wawili. Nikawaamkia, wakaitika, wakanikaribisha kitako. Ndani nasikia mtu anatwanga. Mzee Usi akasema, "Umekuja na karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Ya talaka."

"La!" Nimesema kwa sauti ile, Shangazi. Kuku walikimbia. Kule ndani mchi ukanyamaza.

"Basi sema ulilojia."

Hapo nikafa. Nakuapia, sikuona ila meno ya wale wazee na ukuta. Nikakumbuka maneno yako, nikaanza na kanga. Nikawaambia sina mwanamke wa pili, nimenunua bila kuisoma.

Ammi yake Wanu, yule mkubwa, akasema, "Mtu kamaliza skuli, anunue kanga bila kuisoma? Huo uongo kamwambie asiyekuwa na mke."

"Niliona haya, mwenye duka alikuwa mwanamke."

"Haya za nini? Ulikuwa uchi?"

"Mimi naona haya kwa wanawake wote," nikasema. "Hata kwa mke wangu. Usiku wa harusi nilipofungua mlango nikamkuta kakaa kitandani, kajitanda, mzuri, nilikuwa nimejiwekea maneno ya kumwambia. Yakapotea yote. Nikamwamkia."

Mzee Usi akainama mbele. "Umemwamkia nani?"

"Mke wangu. Nilimwambia, Shikamoo."

Hilo ndilo nililokuficha, Shangazi. Nilimwambia bibi harusi wangu Shikamoo, akacheka, na mimi tangu siku ile sikuweza kuinua jicho.

Ammi yake mdogo akaanguka ubavu, analia kwa kicheko, na Mzee Usi anauma midomo kwa heshima ya kizee. Mimi nasema nafsini mwangu, nyanyuka Mjaka, nenda, yamekwisha. Pale nikasikia sauti mlangoni.

"Na mimi nikaitika Marahaba!"

Wanu. Kasimama, unga mikononi, machozi yanamtoka. Maneno yake nakuandikia yote, kwani sijapata kusikia mtu kusema na mimi hivyo. Alisema, "Sikukucheka wewe. Nilijicheka mimi, kwa kuitika. Kungwi wangu alinifunda nyingi, hiyo hakunifunda, ikanitoka tu. Nikasema huyu bwana ataniona sina adabu, nimempokea mume wangu kama mjukuu wangu. Ukanyamaza. Nikasema kaniudhikia. Nikakaa kungoja useme wewe."

Wote wawili, Shangazi! Kila mmoja upande wake wa pazia!

Nikamwambia, "Basi turudi nyumbani." Akafuta machozi na mkono wa unga. "Sirudi leo. Mimi sikujui. Njoo Ijumaa baada ya sala, ukae hapo barazani kwa baba, tuzungumze. Na Ijumaa nyingine uje. Nkishajua nimeolewa na nani, nitafunga sanduku mwenyewe."

Mzee Usi akaruka. "Mke wa mtu anatongozwa upya na mumewe, nyumbani kwangu, watu wanatazama? Wapi mmeona?"

"Hapa, Baba," akasema.

Nshakwenda mara moja. Nilimuuliza tena habari ya pweza, mara hii mwisho ulichukua mpaka alasiri. Makunduchi nzima hawana jengine la kusema. Bi Biasha anasema dunia imekaribia kwisha.

Bwana Msabah barua zako mbili hukumtaja vizuri. Hajambo? Karudi kutoka Pemba?

Mjaka


Ng'ambo, 8 Julai 1953

Mjaka mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nimecheka mpaka Bi Mwatum kaja mbio akidhani nalia. Huenda nilikuwa nalia pia, mtu mzima kwenye macho hana mpaka. Wari niliowafunda hawahesabiki, wala hakuna aliyenambia kaamkiwa na mumewe!

Na huyo Wanu, mimi hapo nimeshangaa zaidi. Nimefunda kwamba mke akifuatwa na mumewe harudishi mguu nyuma. Yeye karudisha, kisha kampangia siku. Nilikasirika kwa niaba ya ukungwi wangu, usiku kucha nikalifikiri, asubuhi nikaona kanishinda.

Fanya anavyotaka. Ukenda usichukue zawadi, watu wa zawadi hujificha nyuma ya zawadi zao. Na mwambie usichokipenda, si unachokipenda tu. Mtu anayependa kila kitu hajulikani.

Unaniuliza Bwana Msabah. Yupo.

Mwanamkasi


Makunduchi, 30 Agosti 1953

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, anakusalimu. Wanu karudi. Kafunga sanduku lake mwenyewe, kalileta kwa gari, na mimi nikalipokea kituoni mchana kweupe. Ijumaa moja nilimwambia nisichokipenda, kama ulivyosema. Nikamwambia mchuzi wa papa. Akanitazama kama nimemtukana. "Mbona ulikuwa unamaliza sahani?" Nikamwambia nilikuwa namaliza niondoke. Akasema, "Na mimi papa simpendi, hata harufu yake naikimbia! Nilikuwa nakupikia kwa kuwa unamaliza." Tumekula papa mwezi baada ya mwezi, Shangazi, na hakuna anayemtaka!

Sasa tunazungumza. Tunazungumza mpaka Bi Biasha analalamika kelele.

Hayo ndiyo mema. Sasa nakuandikia jengine, na sijui nilianzeje, mimi uliyenifunda kuanza.

Wanu alisema, "Shangazi yako kanirudisha nyumbani kwa barua, na mimi sijapata kumpa mkono." Jumamosi tukapanda gari tukaja mjini, hatukukwambia, tulitaka ufurahi. Nilidhani kazi yako ya Ng'ambo imekwisha, tukaenda Malindi. Nikabisha. Kafungua msichana, mdogo kuliko Wanu, mjamzito, kajifunga kanga ya nyumbani.

Nikamwambia, "Tunamtaka Bi Mwanamkasi."

Akasema, "Haishi hapa."

"Wewe nani?"

"Mimi Mwanaasha, mke wa Bwana Msabah."

Nilidhani sikusikia. Wanu akanishika mkono mbele ya watu. Nikamuuliza yule msichana, Bi Mwanamkasi anamjua? Akasema, "Ni somo yangu. Ndiye aliyenifunda." Akafunga mlango, tukamsikia akilia nyuma yake.

Shangazi, ndio nini hiyo? Tulikwenda Ng'ambo mguu kwa mguu. Bi Mwatum akatwambia umekwenda kufunda Bumbwini, na tulipomuuliza zaidi akashika kofia yake akashona bila kututazama. Tumerudi na gari la mwisho hatukusemezana njia nzima, na sisi sasa ni watu wa kusemezana.

Ulinifunda namna ya kuzungumza na mke wangu. Ulikuwa umekaa wapi ulipokuwa ukinifunda? Kwenye kitanda cha nani? Nambie, au ntakuja kukaa mlangoni kwa Bi Mwatum mpaka unambie.

Mwanao,
Mjaka


Ng'ambo, 9 Septemba 1953

Mjaka mwanangu, na Wanu mke wa mwanangu,

Salamu nyingi kwenu, na kwa kaka yangu. Nimerudi kutoka Bumbwini, sijambo. Samahani kwa safari yenu ya bure. Mkono wa Wanu nimeupokea, hata kama sikuushika.

Ndiyo. Ulivyokisia ndivyo, na usichokikisia ni kibaya zaidi.

Yule mwari wa Mkokotoni, niliyekutajia Februari, ndiye Mwanaasha. Hana mama. Shangazi yake ndiye aliyekuja kunitaka, akanambia bwana harusi ni mfanyabiashara wa Pemba, jina sikuliuliza. Nahisi hivyo ndivyo huyo bwana harusi alivyowaambia na wao. Mimi mume wangu kanambia anakwenda Pemba kikazi. Pemba moja hiyo ilitutosha sote. Nikamfunda yule mtoto kama ninavyofunda, kwa moyo. Na kungwi hufundia wapi, Mjaka? Hufundia kwa lile analolijua. Mimi mwanamume niliyemjua ni mmoja tu. Nilimwambia mume akirudi kachoka usimsemeshe mpaka anywe maji. Nilimwambia akikohoa mara moja ana hasira, mara mbili ana njaa. Mtoto anasikiliza, anarudia, na mimi nasema nafsini, huyu mwepesi, huyu ataishi vizuri na mumewe.

Siku ya harusi nilikuwa naye chumbani. Mlango ukafunguliwa. Kaingia Msabah, na kanzu niliyoipiga pasi mimi.

Kasimama. Mimi nimesimama. Mtoto kainamisha kichwa chini ya shela, hajui kitu. Nje ngoma. Nikapata fikira moja tu, kwamba nikipiga ukelele, aibu itamwangukia yule aliye chini ya shela, naye hana kosa. Nikamshika mkono, nikamtia mumewe mkononi. Nikasema, "Bwana, mkeo huyu." Nikatoka, nikavaa viatu vya mtu mwengine, nikatembea mpaka nilipopata gari.

Aliporudi mjini nilimwambia neno moja, niandikie. Akaniandikia talaka, bila kuniinulia jicho, wala sikumuuliza kwa nini. Nikabeba sanduku nikaja kwa Bi Mwatum, eda yangu nikaikalia hapa. Sikumwambia mtu. Kisiwa kizima kingecheka: kungwi kamfunda mke mwenzake. Barua zako zikija ndizo nilizokuwa nikizisoma nikijua nyumba moja duniani bado inataka kutengenea. Ndio maana nilikuwa mkali vile kwa kanga. Usinionee huruma. Nilikuwa nashughulika.

Sasa yaliyotokea leo, na hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Asubuhi hodi imepigwa. Nimefungua mwenyewe, nikamkuta Mwanaasha, tumbo mbele, jasho linamtiririka, katembea kutoka Malindi kwa miguu. Nilitaka kufunga. Mkono ulikuwa ushaanza.

Akasema, "Somo, ukinifukuza nitakwenda. Lakini nijibu kwanza. Kuwa alikuwa mumeo nilijua siku ya tatu, majirani walinambia. Sikujua kabla, naapa kwa hiki kilicho tumboni."

Nikanyamaza. Naam, mimi.

Akasema, "Hasemi na mimi. Tangu ulipotoka chumbani siku ile hajanitazama usoni. Akirudi nampa maji, simsemeshi mpaka anywe, kama ulivyonifunda, na akishakunywa anageukia ukutani. Umenifunda kila kitu, hukunifunda hiki. Mwengine wa kumuuliza sina. Nifanye nini?"

Mjaka, nilikuwa na majibu ya mwari yeyote wa Unguja. Nilisimama na ule mlango mkononi, hakuna lililokuja. Nikamwambia avue viatu, aingie. Nikampa maji. Bi Mwatum kamwona, kabeba kofia zake katoka nje.

Yupo hapa ukumbini, kaegemea mto wangu, miguu imemvimba. Nimemwambia angoje. Dereva anaondoka adhuhuri na barua hii, na kesho anarudi. Kaa na Wanu muifikiri. Wewe ulikuwa yule mwanamume aliyegeukia ukutani, na yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili. Niandikieni nimwambie nini mtoto huyu, kwani mimi sijui, na nshamwahidi kwamba jibu litakuja.

Shangazi yenu,
Mwanamkasi